Aliyechukua Nafasi ya Emil Hruska

Saa nane kasoro dakika tano mchana, Jumanne ya wiki ya pili ya Kwaresima, Bernadine Hruska alifuta vumbi la kiwanda juu ya televisheni, akaingiza kanda kwenye deki, akakaa na rimoti mapajani. Mchezo wenyewe, *Mtaa wa Larkmoor*, ulikuwa umeondolewa hewani miaka mitatu nyuma, baada ya kuonyeshwa kila siku ya kazi kwa miaka thelathini na nane. Lakini hapa Varner watu hatujaacha kukaa chini ikifika saa nane.

Irene Sopko, jirani yake, alikuwa kwenye kochi na sahani ya keki ya jozi. Kanda zilikuwa zake. Zamani Irene alipika kantini ya kiwanda zamu ya mchana, mchezo ukawa unampita, kwa hiyo Bernadine alimrekodia siku kwa siku, akikaa na rimoti ili akate matangazo ya sabuni. Kanda mia nne na zaidi zilibaki kwenye maboksi chini ya nyumba ya Irene. Shida ilikuwa lebo. Kanda ilirekodiwa juu ya nyingine mpaka ichoke, na tarehe ziliandikwa kwa penseli, zikafutwa, zikaandikwa tena, mpaka hakuna anayejua kipi kiko wapi, na kipi hakipo tena.

Bernadine alikuwa anatafuta kipindi kimoja tu. Ndani yake kulikuwa na jina la mume wake.

Mume wake alilala chumba cha mbele na mpira wa oksijeni puani. Mapafu yalikuwa yamejaa vumbi, na daktari alisema Pasaka ataiona kwa bahati. Mji mzima ulimwita Emil. Alikuwa Emil tangu mwaka themanini na saba.

Wanaoujua mchezo wanaelewa mambo haya yanavyokwenda. Mwigizaji akiacha kazi, au akifa, au akitaka nyongeza, kesho yake anaingia mwingine mwenye sura nyingine, na kabla ya muziki sauti nzito inasema: nafasi ya Dokta Corwin leo inachukuliwa na fulani. Basi. Mke wa Dokta Corwin anambusu huyu wa nne alivyombusu wa tatu, na pale Larkmoor hakuna anayeuliza. Sisi tumelelewa na mchezo huo mchana baada ya mchana. Nadhani kiwanda nacho kilikuwa kinautazama.

Kwaresima ile ya mwaka themanini na saba, muziki haujaanza, simu ya jikoni ililia. Msichana wa ofisi ya kiwanda aliuliza Emil anavaa viatu saizi gani. Bernadine akasema kumi na nusu. Nyuma ya mgongo wake televisheni ilikuwa inasema nafasi ya Emil Hruska, kuanzia leo, inachukuliwa na, na yule msichana akasema asante sana mama, na jina likapita hivyo hivyo. Saa kumi na dakika ishirini mwanamume mrefu mwenye nywele nyekundu aliingia kwa mlango wa jikoni. Mkononi alishika kisanduku cha chakula cha Emil, na miguuni alikuwa na viatu vipya vilivyomkaa barabara. Akauliza vikombe vinakaa wapi. Mtoto wao, Gerry, alikuwa na miaka sita. Alimtazama yule mtu, kisha akanyoosha mguu ili afungwe kamba za kiatu. Gazeti la mji liliandika kwamba tanuri namba tatu limefungwa kwa matengenezo mpaka Jumatatu.

Bernadine alilia, na nataka hilo lijulikane, kwa sababu wapo wanaosema hakulia. Alilia bafuni, bomba limefunguliwa, wiki sita. Emil wake alikuwa ameishia mle tanurini na hakuna aliyemletea hata kifungo cha shati. Lakini hapakuwa na maiti, kwa hiyo hapakuwa na mjane. Mshahara uliingia Ijumaa. Padri Kovach alimpa yule mrefu komunyo, akamwita Emil. Na yule mtu alikuwa mwema, hakunywa, hakuinua sauti, alipalilia nyanya za mwenzake kama zake. Wema huo ndio uliommaliza Bernadine nguvu za kugombana.

Jumatano ya Majivu mwaka huu alimwita kitandani.

"Mama Gerry, mimi naitwa nani?"

"Emil."

"Kabla ya Emil."

Bernadine hakujua. Mgonjwa mwenyewe hakujua pia. Jina lake alilivua siku aliyopewa kofia ngumu ya Emil, akaliweka mahali, na miaka ishirini na tano ikapita juu yake. Alichokumbuka ni kibaraza cha mbao, na dada anayecheka kwa kelele.

"Kitanda cha yule bwana nimekilalia," alisema. "Mashati yake nimevaa, mtoto wake nimemlea. Kaburi lake simnyang'anyi. Nitafutie jina langu."

Jiwe lilikuwa limeshanunuliwa, kama watu wa hapa wanavyofanya wakingali wazima. Lilisimama kwenye makaburi ya parokia limeandikwa Hruska, chini yake Emil 1949, Bernadine 1951, na pembeni ya kila mwaka sehemu laini inayosubiri. Mahali pengine pa kumlaza mtu asiye na jina hapakuwapo.

Ndiyo maana kila mchana alikaa mbele ya deki, kanda mbili, siku nyingine tatu. Tarehe hakuikumbuka. Alikumbuka tu kwamba ilikuwa Kwaresima, kwa sababu alikuwa anakaanga samaki, na kwamba wiki hiyo Dokta Corwin alikuwa anaoa mjane wa jaji.

"Rudisha nyuma kidogo," Irene alisema. "Nataka kuona kama anamwambia mtoto si wake."

"Irene, hiki ulishakiona."

"Nimesahau, shoga. Na yeye mwenyewe kasahau, si unaona anavyomkumbatia?"

Mume wa Irene alikuwa Steve wa tatu. Wa kwanza aliondoka mwaka sabini na tisa na wa pili mwaka tisini na nne, mara zote mbili siku za matengenezo.

"Wa pili ndiye aliyejua kucheza polka," alisema akitafuna. "Huyu wa sasa miguu ya mbao. Lakini sijamuuliza jina hata mmoja. Ukianza kuuliza majina utazunguka mji mzima, halafu kiwanda kifunge milango. Tutakula nini, kanda?"

"Mimi naulizia mmoja tu."

"Mmoja ndiyo mwanzo," Irene alisema, akamkatia kipande cha keki.

Gerry naye alikuwa tanuri namba tatu. Kila siku saa kumi na dakika ishirini aliingia kwa mlango wa jikoni, akaweka kisanduku chake mezani, akamwinua mzee akamwogesha. Kila kitu alikifanya kwa mkono wa kushoto, hata kunyoa.

"Leo unaninyoa au unanichinja?" mzee alimuuliza.

"Tulia, mzee. Pua nimekuachia."

Siku moja Bernadine alimuuliza mwanawe kama anamkumbuka yule wa kwanza. Gerry alikuwa anasuuza wembe. Alisema anakumbuka harufu ya sabuni ya unga na mtu anayepiga mluzi. "Lakini baba ni huyu," alisema, na macho yake yalikuwa mekundu. "Wewe tafuta, mama. Mpe jina lake."

Bernadine alilipata Alhamisi ya wiki ya nne, kwenye kanda ya sabini na sita. Lebo ilikuwa na tarehe tatu, zote zimekatwa. Mwanzoni picha ilijaa mistari, kisha ikatulia, na ile sauti nzito ikasema: "Nafasi ya Emil Hruska, kuanzia leo, inachukuliwa na Lowell Stamper." Kinanda kikapigwa. Dokta Corwin akaingia kanisani amelowa mvua.

Bernadine alirudisha nyuma mara tatu. Kisha aliitoa kanda, akafuta zile tarehe, akaandika Lowell Stamper kwa kalamu ya wino. Akavunja kile kijino cha plastiki cha pembeni, ili mtu asirekodi tena juu yake.

"Lowell Stamper," alimwambia kitandani.

Mzee aligeuza shingo upesi, anavyogeuka mtu aliyeitwa sokoni.

"Opal," alisema. "Dada yangu ni Opal. Tuko Kentucky, juu kabisa, barabara inaishia kwetu. Mpigie, mama Gerry. Mwambie aje anichukue nikalale kwetu."

Namba ilipatikana kwa kuuliza watu wa simu. Bernadine alipiga kutoka jikoni, mlango ameufunga. Mwanamke aliyepokea alikuwa na cheko la kelele, likakatika alipotajiwa Lowell.

"Lowell yupo hapa kibarazani," alisema. "Anamenya maharage. Una shida naye gani?"

"Alirudi lini?"

"Aprili ya themanini na saba, kutoka huko Ohio kwenye viwanda. Hajatoka tena. Alirudi kapungua urefu kidogo, lakini kazi za mjini zinamchosha mtu. Wewe ni nani, mama?"

Bernadine alielewa. Huko nako kulikuwa na watu waliosubiri mtu wao wa kazi arudi, na kiwanda kilikuwa kimewapelekea mwingine.

"Niko naye hapa mwingine," alisema mwishowe. "Mrefu. Nywele zilikuwa nyekundu. Anaumwa, anataka kuja kulala kwenu."

Kwa mbali mtu alisikika akidondosha maharage kwenye sufuria.

"Nisikilize, dada yangu," Opal alisema kwa sauti ya chini. "Makaburini kwetu Lowell ana shimo moja. Huyu wangu nitamweka wapi? Na yeye ni mtu." Akavuta pumzi. "Anakula?"

"Hali."

"Mvunjie mkate wa mahindi kwenye mtindi. Wa kwanza alikuwa anapenda hivyo. Usitie sukari."

Bernadine alioka mkate siku hiyo hiyo. Mzee alikula vijiko vinne, akafumba macho.

"Anakuja lini?"

"Anakusalimu sana. Huko kwao theluji imeziba barabara."

Dirishani jua lilikuwa linawaka, na maua ya njano yalikuwa yameshatoka kando ya uzio. Mzee aliyatazama. Akamshika Bernadine kidole kimoja.

Mzee alikufa Jumamosi ya kuamkia Jumapili ya Matawi, kwenye saa tano asubuhi, Gerry anamnyoa. Bernadine alikwenda kwa Padri Kovach, akaenda kwa mzika maiti, akaenda ofisi ya mji, kote akiwa na kanda yake kwenye mfuko wa plastiki. Walimsikiliza vizuri. Mzika maiti hata aliitazama, maana alikuwa na deki ofisini. Kisha akasema karatasi zinasema Emil, na jiwe linasema Emil, na mtu hazikwi kwa kipindi cha televisheni. Wakamzika Lowell Stamper kwenye kaburi la Emil Hruska. Fundi akachonga 2012 kwenye ile sehemu laini, na Emil akawa amekufa kitandani kwake kwa maradhi ya kawaida. Kiwanda kilituma shada la maua.

Alhamisi baada ya Pasaka, saa nane na dakika tano, simu ya jikoni ililia. Bernadine alikuwa anakaanga kabichi ya kuchanganya na tambi. Msichana wa ofisi ya kiwanda, sauti changa, aliuliza Gerry anavaa viatu saizi gani.

Bernadine alishika ukingo wa jiko.

"Sikwambii," alisema.

"Ni ya kumbukumbu tu, mama."

"Muulizeni mwenyewe. Ana simu mfukoni. Mpigieni mwanangu mumuulize!"

Upande wa pili karatasi ziligeuzwa.

"Haya, mama," msichana alisema kwa adabu. "Tutakadiria."

Bernadine alipiga namba ya Gerry mara kumi na moja. Akavaa koti juu ya aproni, akaenda kwa miguu mpaka geti la kiwanda. Mlinzi aliangalia kwenye daftari, akamwambia Gerry Hruska yupo kazini, kadi yake imegongwa asubuhi, ila kule namba tatu haruhusiwi mtu kwa sababu ya matengenezo mpaka Jumatatu. Alirudi akilia katikati ya barabara kwa sauti, safari hii bila bomba. Watu walisimamisha magari wakamsubiri apite. Irene alitoka mpaka uani kwake, akasimama na taulo la vyombo mkononi.

Saa kumi na dakika ishirini mlango wa jikoni ulifunguka. Kijana mnene mwenye ndevu chache aliingia akichechemea, kisanduku cha Gerry mkono wa kulia. Viatu vilikuwa vinambana.

"Mama," alisema, "vikombe vinakaa wapi?"

Mchezo hauonyeshwi tena, kwa hiyo hakuna sauti ya kumtangazia mtu. Bernadine alichukua kanda moja kwenye boksi la Irene, akatafuta kalamu ya wino, akakaa mezani.

"Jina lako," alisema. "Lile lako. Litaje upesi, kabla halijakutoka."

Kijana alikunja uso. Ilimchukua muda.

"Travis," alisema. Akafikiri tena, jasho likimtoka. "Odom. Travis Odom."

"Mama yako?"

"Lorene."

Bernadine aliyaandika yote, herufi kubwa kubwa. Akavunja kijino cha pembeni, akaiweka kanda rafuni karibu na ile ya Lowell Stamper. Kisha akapakua kabichi na tambi kwenye sahani ya Gerry, akaweka uma upande wa kulia.

"Vua hivyo viatu," alimwambia. "Vikombe viko kabati la juu. Kaa, mwanangu, chakula kinapoa."