Kigari cha Kilo Mbili

Wivu wa dada mtu ulimkaa kooni kama mwiba wa samaki. Mwaka aliolazwa hospitali ulimrudisha nyuma darasa zima, na aliporudi shuleni akamkuta mdogo wake, Kipusa, ameketi dawati la mbele. Tangu hapo baba yao akikwama na hesabu yoyote ilikuwa, "Hebu muulizeni Kipusa." Utadhani yeye mkubwa ni kabati.

Sasa timu ya mashindano ya fizikia ilibakiwa na nafasi moja, na walioitaka ni hao wawili. Mwalimu alikuwa na mtindo wake: hasahihishi karatasi mpaka mwenzako aikague na kutia saini. Akawapa swali. Kigari cha kilo mbili, kasi mita tatu kwa sekunde, kinagonga cha kilo moja kilichosimama, na nishati haipotei. Baada ya hapo kila kimoja kina kasi gani?

Wakabadilishana karatasi. Kipusa alitia saini karatasi ya dada yake bila kusoma, kama kawaida. Dada mtu alisoma kila mstari. Momentamu sawa, nishati sawa, mwandiko ule ule wa kudeka. Hesabu ikatoa kasi mbili za kigari cha kwanza, tatu na moja, na Kipusa akachagua tatu. Loo! Tatu ni kasi ya kabla ya kugongana. Kigari kimempita mwenzake katikati kama moshi. Jibu ni moja, na cha pili kinaondoka na nne.

Dada mtu alifurahi, furaha mbaya. Akatia saini.

Mwalimu alipomwambia Kipusa amekosea, alikataa katakata. "Haiwezekani, mwalimu. Dada ameikagua. Migongano yote yeye ndiye aliyenifundisha."

Mwalimu akamgeukia dada mtu. "Hukuliona kosa?"

"Sikuliona."

Mwalimu aliweka karatasi ya dada mtu mbele ya Kipusa. Moja, na nne, na pembeni, kwa mwandiko wa dada yake: *tatu haifai, ni kabla ya kugongana.*

Kipusa alisoma taratibu, mara mbili.

"Ungeniambia tu unaitaka nafasi hii, dada," alisema. "Ningekuachia."

Na alimaanisha. Dada mtu alilijua hilo, na hata hapo, mbele ya darasa zima, akamwonea wivu kwa kuweza kusema vile.