Jeep Haiachwi Njiani

Musiniambie kitu juu ya urafiki wa watu wa jeep. Mimi niliuona toka asubuhi mpaka jua likaanza kushuka, na kichwa cha mudogo wangu kikiwa juu ya mapaja yangu.

Zamani zile za Zaire, Kindu ilibaki na jeep chache za Wabeleji. Tangu maduka ya wageni yapewe wakubwa wa Chama, piesi za gari hazikuonekana tena. Kwa hiyo wenye jeep walipendana kama watoto wa tumbo moja. Walikopeshana vyuma, siku ya Mungu walikunywa pamoja kule Mikelenge, na walikuwa na sheria yao: ukikuta mwenzako ameharibikiwa, unasimama, na hauondoki mpaka atembee. Weee! Sheria za Kanisa walizivunja kila siku, lakini ile, hata mara moja.

Shemeki yangu Ilunga njo aliyekuwa mukali wao. Alipeleka chumvi na sabuni kwa wachimba zahabu wa Kama, na jeep yake njo ilitulisha sisi wote. Demarere ilikuwa imekufa zamani, kila kuwasha ni kusukuma. Lakini aliipenda, jamani! Muke wake, Mbombo, mudogo wangu, ambaye alikuwa Albertine kabla serikali haijatunyang'anya majina ya ubatizo, alimuchekaga: siku moja utanunulia hiyo gari kitenge.

Uchungu ulimukamata Mbombo huko huko Kama, ambako nilikuwa nimeenda kumusaidia. Mutoto alikuwa amekaa vibaya tumboni. Muganga wa dispansere akanivuta pembeni, akasema, "Mama, huyu ni wa kupasuliwa. Afike Kindu leo, la sivyo mutawapoteza wote wawili." Tukatandika godoro nyuma ya jeep, tukaondoka umande bado uko kwenye majani.

Hatujafika hata nusu ya njia, nikasikia *kwaa!* na gari ikalala upande. Ilunga akazima, akaingia chini. Alipotoka, sura yake ilikuwa imebadilika. Resori ya nyuma imekatika, kile chuma kikubwa kinachobeba gari, na ekseli imesogea. Hata kuvutwa haiwezi.

"Yaya, tumefika?" Mbombo akaniuliza.

"Bado kidogo," nikamudanganya.

Halafu Mungu akatuletea Abedi, muuza mawese, na jeep yake nzima inanguruma. Nilimukimbilia na mikono juu. "Abedi, baba, Mbombo iko mubaya. Tumuhamishie kwako, umukimbize Kindu!"

Aliniangalia kama vile nimemuambia atupe mutoto mutoni. "Na Ilunga, mama? Tumuache pori peke yake? Mpaka kesho watu watakuwa wameila hii jeep yote, wabakize namba tu. Tulia, mama. Tutafunga muti pale kwenye resori. Ni kazi ya dakika."

Nikamugeukia Ilunga. Akaangalia muke wake, akaangalia gari. "Abedi anasema kweli, shemeki. Hii ikipotea, huyo mutoto tutamulisha nini?"

Ningemupiga. Mpaka leo najiuliza kwa nini sikumupiga.

Wakakata muti mugumu, wakauchonga kwa panga. Okito wa reli naye akatokea, anatoka Kindu na jeep yake. Nikamuomba yeye pia: "Geuza gari, umubebe muke wa rafiki yako!" Akavua koti. "Nitageuza, mama. Tutarudi wote pamoja." Akaingia chini na wengine.

Sitasema uongo, walifanya kazi. Abedi alitoka damu kwenye viganja. Okito alikata mupira wake wa akiba, ule wa pekee, akatoa ndani yake kamba za kufungia ule muti, na mupira siku zile ulikuwa mali. Na walitaniana! "Abedi, wewe fundi wa jeep ao wa vitanda?" Kicheko kile nilikichukia, ninakichukia hata sasa.

Damu ya Mbombo ilikuwa imepita godoro. "Dakika tano, shemeki," Ilunga akaita toka chini.

"Dakika zenu tano zimeshapata wajukuu!" nikapiga kelele. Nikashuka, nikapanda jeep ya Abedi, nikashika usukani, mimi ambaye hata kinga, baiskeli tu, sijui kuendesha. Nikavuta kila kitu kilichovutika. Abedi akaja akanishika mukono polepole, kwa heshima yote, akaniteremusha. "Tunamaliza, mama. Kweli tunamaliza."

Nikarudi kwa Mbombo. Hakuuliza tena kama tumefika. Alikuwa ameshika pindo la kitenge changu, na macho yake yalikuwa juu kwenye turubai. Nje wakaanza kuhesabu, Ilunga kwenye usukani, wale wawili wanasukuma. Vidole vya Mbombo vikaachia kitenge. Nikamuita. Nikamupiga mashavu. Nikaweka sikio kifuani, lakini gari ilitikisika, na wanaume walikuwa wanapiga makelele, sikusikia kitu. Nikamuita tena kwa jina la ubatizo.

Moteur ikawaka. Nikaona Abedi na Okito wanakumbatiana, wanaruka ndani ya tope kama watoto siku ya likizo. Ilunga akaruka chini, akaja nyuma mbio, mafuta mpaka kwenye viwiko, meno yote nje.

"Shemeki, inatembea! Inatembea! Umushike vizuri, sasa nakimbiza!"

"Zima gari," nikasema.

"Nizime? Ikizimika kwenye hili tope, tutasukuma mpaka lini?"

"Zima, Ilunga. Hatuna haraka tena."