Pengo la Mwanzo wa Mstari

Rachael na Byron waliandika pamoja programu ya kulinda vizimba vya samaki ziwani, inayowasha pampu ya hewa maji yakiishiwa hewa, lakini kwa jambo moja walikuwa paka na panya. Rachael alisogeza mistari yake ya programu ndani kwa kupiga nafasi. Byron alitumia kitufe cha Tab. Kwa macho, pengo ni lile lile. Mashine ndiyo haitaki mchanganyiko: ikikuta vyote viwili, inagoma. Basi kila aliyefungua kazi alianza kwa kufuta mapengo ya mwenzake, ndipo amsalimu. Watu wazima hao!

Asubuhi hiyo Byron, akiwa Maseno, aliongeza mstari mmoja kwa Tab, akaenda zake. Mchana simu ya Rachael ikalia ofisini Mamboleo. Alikuwa mamake, Beldina, mwenye vizimba.

"Nyathina, mwanangu, samaki zinakuja juu, zinatafuta hewa. Hiyo pampu yenu imekataa kuwaka, na boti imeenda mbali. Siwezi fika huko niiwashe kwa mkono. Nimeambia Byron pia."

Rachael akafungua programu, akauona ule mstari wa Byron.

"Huyu mtu ataniua!"

Akageuza yote kuwa nafasi, akahifadhi. Mashine ya pampu ikajizima, ikaanza upya kupima maji taratibu, kama desturi yake kabla ya kuwasha pampu. Alipotazama tena, ni Tab tupu juu hadi chini. Byron naye alikuwa humo humo, akirekebisha kwa njia yake. Akazigeuza, akahifadhi. Zikageuzwa. Akampigia, simu inatumika, kwa kuwa Byron naye alikuwa akimpigia yeye. Hasira ikamkaba kuliko hofu, akahifadhi tena.

Mama akapiga.

"Bado, Rachael. Zingine zimelala ubavu."

Hapo akaondoa mikono kwenye kibodi. "Zikae Tab, basi," akasema, machozi yakimlengalenga. Hakugusa kitu. Baada ya muda akaisikia pampu ikinguruma ndani ya simu ya mamake, na ujumbe wa Byron ukaingia: "Kumbe nafasi zako zilikuwa sawa tangu mwanzo. Hata Tab zangu. Ni vile kila tukihifadhi, inaanza kupima upya."

Rachael aliusoma mara mbili.

"Imewaka," Beldina alisema. "Lakini kizimba kikubwa kimeisha chote, zinaelea tu. Nyathina, hiyo saa yote mlikuwa mnatengeneza nini?"