Darubini Fupi ya Shabaha

Kwa miaka kumi na tisa njiwa wa kiwanda cha unga walikuwa na adui mmoja tu, na adui huyo wenzake walimwita Shabaha. Hata kwenye orodha ya zamu aliandikwa hivyo hivyo. Kazi yake ilikuwa kuzunguka na bunduki ya upepo, ile ya kukunja mtutu ili kukaza springi, na kuwaangusha njiwa waliotua kwenye vyuma vya paa kabla hawajachafua ngano. Sumu haikuruhusiwa mle ndani, na nyavu za madirishani zilikwisha kuoza. Alilenga kwa macho matupu. Watu walisema Shabaha akikohoa tu, njiwa anaandika wosia.

Mwaka ule akaanza kukosa. Mara moja, mara mbili, halafu ikawa kawaida. Wakaguzi walipokuta kinyesi ndani ya gunia lililokwisha kushonwa, msimamizi alimwita ofisini na kufunga mlango.

“Shabaha, kuna nini?”

“Bunduki imezeeka, bosi.”

“Basi itafutie darubini, kiwanda kitagharamia. Wakaguzi wakirudi wakakuta hali hii, mimi na wewe tutaangaliana nje ya geti.”

Bunduki haikuwa na neno, na yeye alilijua hilo. Jicho lake la kulia lilikuwa linaingia ukungu, taratibu, kuanzia pembeni. Baba yake alikufa akipapasa kuta, na kaka yake mkubwa sasa alitembea kwa fimbo. Shabaha hakumwambia mtu. Mkewe, aliyeshona midomo ya magunia pale pale kiwandani, ndiye aliyefichwa zaidi ya wote.

Fundi wa bunduki alikuwa mtu mzito, mwenye grisi kwenye kucha, na duka lake lilibanwa katikati ya maduka mawili ya vipuri. Shabaha aliiweka bunduki mbele yake, akanyoosha kidole kwenye darubini ndefu kuliko zote, nene kama mchi.

“Nishushie ile.”

“Unapiga umbali gani?” fundi aliuliza bila kuinuka.

“Hatua kumi na tano. Zikizidi sana, thelathini.”

“Ukifunga ile utaona unyoya mmoja, njiwa mwenyewe humwoni. Halafu yako ni ya springi. Watu wanaidharau kwa sababu haina baruti, lakini inapiga mateke mawili, moja nyuma, moja mbele, na hilo la mbele ndilo linaloua darubini. Vioo vinalegea. Wameniletea hapa za bei mbaya, zinacheza ndani kama njiti kwenye kibiriti.”

Alifungua droo akatoa nyingine, fupi, haikufika shibiri, akaiweka kwenye kitambaa.

“Hii inavumilia mateke. Ni nyepesi, haitakuchosha mkono. Inakuza kuanzia mara mbili mpaka saba, lakini wewe iache kwenye tatu. Utaona chuma chote cha paa, njiwa aliye juu yake, na kilicho nyuma ya njiwa. Tena inaona safi kuanzia hatua kumi. Nyingine, kitu kikiwa karibu, picha inakuwa uji.”

Shabaha aliichukua mpaka mlangoni, akaielekeza kwenye kibao cha duka la dawa ng'ambo ya barabara. Uji mtupu. Akazungusha pete ya kukuza kwenda, akairudisha.

“Ina ukungu hii.”

Fundi aliipangusa, akachungulia, akampa nyingine. Nayo ilikuwa na ukungu. Ya tatu vivyo hivyo, na ya nne.

“Hebu tumia jicho la kushoto,” fundi alisema polepole.

Herufi zilimrukia usoni, mpaka namba ya simu iliyoandikwa chini kabisa. Shabaha aliishusha darubini. Pikipiki ilipita, ikafuatiwa na nyingine.

“Darubini nne haziwezi kuwa na ukungu mmoja, ndugu yangu. Nenda hospitali.”

“Nifungie ile fupi.”

“Umenisikia lakini?”

“Nimekusikia. Nifungie.”

Fundi aliifunga kwa vibano viwili, akaweka na pini nyuma yake ili isiteleze kwa mateke, akamrudishia bunduki bila kumtazama usoni.

Wiki ya kwanza mambo yalimnyookea. Alijifunza kuegemeza kitako cha bunduki kwenye bega la kushoto, akilenga polepole kama anayetunga uzi kwenye sindano, akaangusha njiwa tisa. Msimamizi alimpigapiga mgongoni. Lakini kulikuwa na amri ya zamani: kabla ya kupiga, kengele ilizwe, watu wote washuke kutoka kwenye daraja la chuma linalopita juu ya mashine. Kengele ikilia njiwa waliruka, na bega la kushoto halikuwa na kasi ya kuwawahi. Akaanza kupiga bila kengele, siku moja moja, kisha kila siku.

Alhamisi, baada ya chakula cha mchana, mashine zilikuwa zimesimama. Aliona kwa pembeni kitu cha kijivu kikitikisika juu, karibu na nguzo. Mikono ilifanya ilivyozoea kwa miaka kumi na tisa. Kitako kilikwenda bega la kulia. Ndani ya kioo kulikuwa na ukungu, na ndani ya ukungu kijivu kilichosogea. Akafyatua.

Hakuna kilichoanguka. Alisikia mtu akikaa chini juu ya chuma, kwa uzito.

“Nani huko?”

“Mimi.”

Ilikuwa sauti ya mkewe, tulivu, kama anayejibu hodi. Alikuwa amepanda kuchukua magunia matupu.

Shabaha alipanda ngazi kwa magoti. Mkewe alikuwa ameegemea nguzo, ameshika shingo chini ya taya, na damu ilipita kati ya vidole vyake ikaingia kwenye kilemba cha kijivu kilichomwangukia mabegani.

“Hukupiga kengele,” alisema.

“Sikupiga.”

Alimtazama muda mrefu, jicho moja, halafu la pili.

“Tangu lini, baba watoto?”

“Tangu mvua za mwaka jana.”

“Sema nimechomwa na waya wa magunia. Ukisema kweli tunakula nini?”

Hospitali picha ilionyesha risasi imelala kando ya mshipa mkubwa. Daktari alisema kuitoa ni hatari kuliko kuiacha. Mshipa wa sauti ulikuwa umeguswa. Mwanamke yule, ambaye akiimba kwenye meza ya kushonea alisikika mpaka kwenye mizani ya malori, sasa alitoa mnong'ono wenye mikwaruzo, na daktari hakumpa ahadi.

Ni yeye aliyemburuta mumewe mpaka chumba cha macho, bandeji ikiwa bado shingoni. Huko waliambiwa ni presha ya macho. La kulia lilikwisha kufa. La kushoto limeshaanza, na dawa ya matone inaweza kulichelewesha, basi.

Siku tatu Shabaha alibeba ule uongo wa waya kiwandani. Watu walimpa pole, mmoja akamletea matunda ya mgonjwa. Siku ya nne aliingia kwa msimamizi, akalaza bunduki mezani, darubini ikiwa juu yake, akasema yote, kuanzia kwenye kibao cha duka la dawa.

Msimamizi alimsukumia karatasi.

“Andika ulichosema. Weka sahihi.”

Aliandika, mistari ikipandiana. Wakamfukuza siku hiyo hiyo. Mkewe walimbakiza, kwa huruma au kwa kuogopa maswali, haikujulikana. Bunduki alipewa mpakuzi mmoja wa ngano. Mkewe alimwambia kwamba huyo anapiga kengele, na kwamba ile darubini fupi anaisifu sana.

Jioni mkewe aliporudi hakumsemesha ila kwa lazima, na Shabaha hakuweza kujua ni hasira au ni koo linauma. Lakini kila asubuhi kabla ya kwenda zamu alimkalisha karibu na dirisha, akamshika kidevu, akamtia matone. Asubuhi moja Shabaha alijipa moyo.

“Mama watoto, umenisamehe?”

“Inua kidevu,” alinong'ona. “Dawa inamwagika.”