Kipande cha Nane Kilikula Jikoni

Ngoja nikae kwanza, Kabula mjukuu wangu, ndipo nikujibu nilijuaje kwenda jikoni. Usiku wa jana niliota niko kwenye mzani wa pamba, pale tulipokuwa tukiuza zamani, jua kali, watu hamna. Nimembeba bibi yako mgongoni. Marehemu Nyamizi mwenyewe, katulia, na gauni lake la kwenye ile video mliyomrekodi Krismasi ya mwisho.

Mzani ukaniambia mzigo huu ni mzito, hauchukuliki mara moja. Nikauliza nifanyeje. Ukasema Kabula ameshafanya: amemkata kwenye kompyuta vipande vinane, kila kimoja na flashi yake ya kuazima, vitaunganishwa nyumbani. Nikashukuru. Sijui nilikuwa nashukuru nini.

Mara mzani ni sebule yetu. Wageni wanabisha hodi: vipande vyenyewe, vimejifunga kanga, namba kwenye paji la uso. Nataka kuwakalisha kwa heshima, mkubwa mbele. Lakini saba wote kimo kimoja, unene mmoja. Nauliza nani mkubwa. Wanasema wamezaliwa siku moja. Basi nikawakalisha kwa namba, shingo upande.

Wa nane akaingia nyuma yao, kafupi, kananifika gotini. Nikakaambia kaende jikoni kakale na watoto wenzake. Si ndivyo tunavyofanya siku zote? Kakaenda, hakakubisha.

Wale saba wakashikana mikono, na bibi yako akatokea kitini. Kila kitu kipo, mpaka lile kovu la kidoleni. Anafungua mdomo, sauti haitoki. Ananitazama tu. Miaka mitatu nangoja kumsikia, Kabula, leo yupo mbele yangu na hasemi.

Nikaigeukia kompyuta, nikaiuliza tatizo nini.

"Mzee, hawajatimia."

"Aliyebaki ni mdogo tu."

"Huyo mdogo ndiye kabeba maneno ya mwisho," ikasema, ikaendelea kuchambua mchele.

Nikakimbilia jikoni. Jikoni kumehamia mbali, njia nzima imepandwa pamba. Nakimbia, nakimbia, nikaamka.

Ndipo nikakukuta unalia, flashi saba mezani, ya nane haionekani, video imegoma kufunguka. Nikaenda jikoni, nikainua ile sahani ya watoto, nayo ipo chini yake. Imegandwa na punje moja ya wali. Na jana, wewe ni shahidi, tulikula ugali.

Mengine umeyaona mwenyewe. Umeunganisha, bibi yako amecheka, ameimba, na pale mwisho kabisa, kabla picha haijazimika, amesema, "Watoto mnawaacha jikoni kwa nini? Waiteni hapa, tule wote."

Basi nimewaita. Sogeza hilo sinia, Kabula. Nanyi wadogo kaeni huku, karibu na babu. Yupo aliyebaki jikoni? Hakuna. Haya, naweni mikono, tule.