Mpira wa Kuhesabia Magari

Bibi yangu alivunjika nyonga ndani ya shimo ambalo mtaa mzima ulikuwa umelizoea mpaka ukalipa jina. Tuliliita Bwawa. Siku hiyo mvua ilikuwa imelijaza hadi ukingoni, likajilaza katikati ya njia kwa upole kama kidimbwi cha kawaida. Bibi akatia mguu, Bwawa likaumeza hadi gotini, na mwili uliobaki ukaanguka upande mwingine.

Daktari alisema maneno mawili, moja zuri na moja baya. Zuri ni kwamba akihudhuria mazoezi ya viungo hospitalini bila kukosa, atatembea tena. Baya ni kwamba akikosakosa, nyonga itakakamaa, na kiti cha magurudumu alichopewa kitakuwa chake mpaka aingie kaburini. Hospitali yenyewe si mbali. Kilicho mbali ni barabara kuu, kwa sababu hakuna dereva wa teksi anayekubali kuingia mtaani kwetu. "Gari si langu, mama," humwambia mama yangu kwenye simu, kisha hukata. Basi Mama na binamu yangu Kobe walikuwa wakimbeba Bibi na kiti chake juu ya mashimo yote, naye alikuwa akifika barabarani amekuwa rangi ya majivu kwa maumivu. Siku nyingine alikataa kubebwa. Siku za kukataa zilianza kuzidi za kukubali.

Niliporudi likizo kutoka shule ya bweni, nilimkuta dirishani, akiitazama barabara kama mtu aliyemtambua mwizi wake sokoni.

"Mume wangu," akasema, maana ndivyo anavyoniita tangu nizaliwe, "umerudi na akili, au umerudi na nguo chafu tu?"

"Vyote, Bibi."

"Nguo mpe mama yako. Akili lete hapa."

Akanieleza. Mtaa wetu ulikuwa kwenye mpango wa kutandazwa lami. Kisha diwani wetu, ambaye hupenda kuitwa Mheshimiwa hata na watu wanaomfukuza kuku wake, akautoa na kuuingiza mtaa anaokaa yeye, mtaa wa kuta ndefu ambao ufa wake mkubwa kuliko zote usingetosha kuzika sindano.

"Mheshimiwa huyu nilimzalisha mimi," Bibi akasema. Alikuwa mkunga maisha yake yote. "Alitoka kimya, nikamning'iniza miguu juu, nikampiga makofi ya matako mpaka akalia. Sasa naona sikupiga ya kutosha."

Kesho yake asubuhi tukambeba hadi barabarani, nikamsukuma mpaka ofisi ya barabara. Injinia alikuwa mwanamke mchovu, mwenye kofia ngumu juu ya kabati na ramani ya mitaa ukuta mzima. Alitukaribisha vizuri. Hilo lilinivunja moyo kidogo, kwa sababu nilikuwa nimejiandaa kumchukia.

"Tatizo, Bibi, ni kwamba mtaa wenu hauna magari," akasema.

"Hauna magari kwa sababu hauna barabara, mwanangu."

"Naelewa. Lakini fungu la lami linafuata idadi ya magari. Tunalaza mpira kukatiza njia kwa wiki nzima, gari likiukanyaga, sanduku linahesabu. Kwenu sanduku lilikaa kama limekufa. Kwa Mheshimiwa lilifanya kazi."

"Wiki ile alikuwa anaoza binti," Bibi akasema. "Magari yalishikana mikia kama siafu."

"Mpira haujui harusi, Bibi." Injinia alikohoa. Hakulipenda jibu lake mwenyewe. "Na diwani alisimama kikaoni akasema mpira hausemi uongo. Nani angebisha? Hata hivyo wiki ijayo tunahesabu tena, kuhakikisha. Lakini ni mitaa iliyo kwenye mpango tu."

Nikanyoosha mkono, kama nilivyofunzwa.

"Samahani, mheshimiwa injinia. Sanduku linajuaje kwamba kilichopita ni gari?"

"Mikandamizo miwili, gari moja. Tairi za mbele, tairi za nyuma."

"Na magari yakizidi sana?"

"Yakizidi sana, mtaa unapandishwa daraja. Unaacha kuwa mtaa, unakuwa barabara ya kupitisha magari. Hapo tunapanua, tunaweka mitaro na njia za miguu pande zote mbili."

"Na ukuta wa mtu ukiwa njiani?"

"Ukijengwa ndani ya hifadhi ya barabara, unavunjwa. Na hakuna fidia."

Bibi alinitazama. Nilimtazama Bibi. Tukamshukuru injinia kwa elimu.

Njiani akaniuliza, "Wewe ulikuwa umepanga nini?"

"Kuukata ule mpira, Bibi."

"Ndiyo maana nasema karo ya shule yako inaliwa na mchwa. Ukiukata, watalaza mwingine, na wewe utalala polisi. Usimnyime. Mpe. Mpe mpaka acheue."

Hapa inanipasa kumtambulisha Kobe kwa heshima anayostahili. Kobe ni binamu yangu, ana mwendo uliompa jina, na ana mkokoteni wa kuuzia maji uliotengenezwa kwa ekseli na tairi za gari lililokufa. Wiki hizo alikuwa na mteja mmoja mkubwa: fundi muashi aliyekuwa akimjengea Mheshimiwa ukuta mpya. Mheshimiwa alitaka bustani ya mbele. Nyumba isingeweza kurudi nyuma, basi ukuta ukasogea mbele, ukala ukingo wa barabara kimyakimya, tofali juu ya tofali.

"Mkokoteni una ekseli moja," nikamwambia Kobe. "Ukipita wewe, sanduku linasikia mkandamizo mmoja. Nikikufuata mimi na mkokoteni mwingine, unakuwa wa pili."

Kobe alitafuna wazo hilo kwa muda wake.

"Kwa hiyo mimi na wewe ni gari."

"Wewe tairi za mbele, mimi za nyuma."

"Kwa nini wewe usiwe mbele?"

"Kobe, nikiwa mbele gari litakatika katikati."

Tuliazima mkokoteni wa pili, tukajaza madumu, na mpira ulipolazwa tukaanza kazi. Mpira wenyewe ulikuwa mweusi, mwembamba, umepigiliwa misumari pande zote mbili za lami, na sanduku lake limefungwa mnyororo kwenye nguzo ya taa. Tulipita juu yake kwa adabu, mmoja nyuma ya mwingine. Tuliingia na maji, tukampa fundi dumu moja, tukatoka na yaliyobaki, tukageuka kwenye kona, tukaingia tena. Hakuna ujenzi uliowahi kuhudumiwa kwa bidii namna ile.

Mlinzi wa geti la Mheshimiwa alichelewa kushtuka, lakini alishtuka.

"Nyie, mbona mnatoka na maji yale yale?"

"Fundi anasema yana chumvi, mjomba," nikajibu.

"Na mnayoingia nayo?"

"Tunamletea aonje tena."

Akatutazama mmoja mmoja. "Na fundi anasemaje sasa?"

"Bado ana mashaka."

Mlinzi akarudi kukaa. Mshahara wake haukutaja maji.

Jambo ambalo sikulitegemea, na ambalo mpaka leo hunipa faraja nikiwa na homa, ni kwamba hatukuwa peke yetu. Mheshimiwa naye hakuwa amelala. Aliogopa kwamba safari hii, bila harusi, hesabu itamwaibisha, basi akamwagiza dereva wake azunguke. Dereva alipita, akaenda mpaka mwisho wa mtaa, akageuza, akarudi, akapita tena, tangu chai ya asubuhi mpaka jua la jioni, uso umemlegea kwa uchovu. Kila tulipopishana juu ya mpira alitupungia mkono. Nadhani alidhani tumetumwa na mtu mmoja.

Siku moja Mheshimiwa mwenyewe alikuwa kiti cha nyuma. Akateremsha kioo.

"Vijana! Hongereni kwa kazi. Taifa linajengwa na watu kama nyie."

"Asante, Mheshimiwa," nikasema. "Tutaongeza bidii."

Tukaongeza. Mabega yangu yaliota malengelenge, Kobe akapoteza kucha ya kidole gumba, na kila jioni Bibi alitukanda kwa maji ya moto, akiuliza, "Mmempa? Amecheua?"

"Bado anameza, Bibi."

"Mwacheni ameze."

Siku chache baada ya mpira kuondolewa, watu wa ofisi ya barabara walifika kule na futi ya kamba na kopo la rangi nyekundu. Walipima kutoka katikati ya njia kwenda pembeni. Ukuta ulikuwa umepakwa chokaa juzi yake, mweupe kama jino la mtoto. Wakauchora X kubwa, wakachora nyingine kwenye nguzo ya geti, na ya tatu kwenye kibanda cha mlinzi, ambaye alikaa ndani wakati kinachorwa, asijue aondoke au aendelee kulinda. Mimi na Kobe tulikuwa ng'ambo ya pili na madumu yetu. Tulivua kofia.

Kikao cha bajeti ya barabara kilifanyika ukumbini, wazi kwa wananchi, kama kila mwaka, na kama kila mwaka wananchi wangekuwa wachache, lakini Bibi alikuwa amepeleka habari. Amezalisha nusu ya mtaa, na hiyo nusu nyingine ni watoto wa ile ya kwanza. Viti havikutosha. Alimwambia Kobe amweke mbele kabisa, pale ambapo msemaji hawezi kuangalia pengine.

Injinia akasoma mpango. Akafika kwenye mtaa wa Mheshimiwa, akasema kwamba idadi ya magari imeshangaza ofisi, kwamba barabara hiyo sasa imepanda daraja, na kwamba upanuzi utaanza mapema.

Mheshimiwa akasimama. Shati lilikuwa limemganda mgongoni.

"Ndugu wajumbe. Hesabu hiyo ina kasoro. Mtaa wangu ni mtaa mtulivu. Hauna magari."

"Mheshimiwa," Injinia akasema taratibu, "ulituambia mpira hausemi uongo."

"Safari hii umesema."

Bibi akainua mkono. "Samahani, mwanangu. Sisi wazee masikio yamechoka. Mtaa wako umefanyaje?"

"Hauna magari, Bibi."

"Una nini?"

"Hauna! Hauna magari!"

"Aa. Na lami je, mwanangu, unaihitaji?"

Mheshimiwa alikunja karatasi yake, akaikunjua. Angesema ndiyo, ukuta unaanguka. Angesema hapana, tulikuwa wote pale, tukisikiliza.

"Si sana," akasema.

"Sauti, mwanangu."

"Hatuihitaji!" Sauti ilimpasuka. "Barabara yetu ni nzima. Naomba mtaa wangu utolewe kwenye mpango. Wote. Utolewe."

"Mwandishi, umeandika?" Bibi akamuuliza katibu wa kikao. "Andika na kwamba ameomba mwenyewe."

Katibu aliandika. Injinia akaeleza kwamba mtaa ukitolewa kwa ombi la diwani hauwezi kurudishwa mpaka mpango mzima wa miaka hii uishe, na kwamba fungu lililobaki lazima lipendekezewe mtaa mwingine pale pale, vinginevyo linarudi juu. Akauliza kama kuna pendekezo, na nani analitoa.

Hakuna aliyefungua mdomo. Watu wote wale, na hakuna aliyekohoa. Bibi alikuwa amewaambia wasiseme neno. Alikaa mikono juu ya mapaja, macho yake usoni mwa Mheshimiwa, akimngoja kama alivyongoja watoto wabishi kutoka.

"Napendekeza," Mheshimiwa akasema hatimaye, akiangalia sakafu, "mtaa wa Bibi huyu."

"Kwa sababu gani, mwanangu? Katibu anahitaji sababu."

"Kwa sababu una mashimo."

"Tangu lini?"

"Bibi, tafadhali."

"Tangu lini?"

"Tangu zamani," akasema, akakaa.

Mlangoni alinikamata mkono. Nadhani mlinzi alikuwa ameanza kuongea. "Wewe na mwenzako wa mikokoteni," akaninong'oneza, "nitawakomesha."

"Mheshimiwa," nikasema, "tuliongeza bidii."

Lami ilikuja nikiwa nimerudi shuleni. Mama alinipigia simu ya bweni, nikasikia mngurumo wa mtambo wa kushindilia na kelele za Kobe aliyekuwa akiwaelekeza wataalamu. Siku ya pili yake teksi ilisimama mlangoni kwetu, ikapiga honi, na Bibi hakukosa mazoezi tena.

Likizo iliyofuata Mheshimiwa aliandaa sherehe ya kuzindua barabara yetu. Ndiyo, yeye. Alileta turubai, viti, spika kubwa mbili, na utepe. Tulikaa mstari wa mbele. Alitueleza jinsi alivyopigania mtaa wetu, jinsi alivyousahau mtaa wake mwenyewe kwa ajili ya wazee, akamnyooshea Bibi mkono, akasema, "Kama Bibi yetu huyu, ambaye nimemletea lami mpaka mlangoni."

Bibi akashika mikono ya kiti, akasimama.

Mama akainuka kumdaka, Bibi akamkataza kwa jicho. Mheshimiwa alidhani amesimama kumshukuru, akatabasamu, akaanza kupiga makofi, na kila mtu akapiga naye. Bibi akangoja makofi yaishe. Kisha akampa mgongo, akaanza kutembea polepole, mguu mmoja ukiburura kidogo juu ya lami mpya, kuelekea nyumbani. Mwanamke mmoja aliyezalishwa naye akainuka akamfuata. Kisha mwingine. Viti vikaanza kukwaruza nyuma yetu, safu baada ya safu.

Mimi nilisukuma kile kiti kitupu katikati ya barabara, Kobe akiwa mbele yangu, na kwa mara ya kwanza maishani mwake Kobe alikuwa na haraka. Nyuma yetu Mheshimiwa aliendelea kusema. Spika zilikuwa nzima kabisa. Tulimsikia mpaka tulipofunga mlango.