Ngazi ya Jumba la Pembe

Mjomba Datuk alikuwa mjinga, na nasema hivyo ingawa nilimlilia. Wavaa kanzu nyeupe, waliojiita wasafishaji wa dini, walipokuja wakichoma kila jumba la ukoo wa mfalme, majirani walikimbilia milimani. Sisi akatuzuia.

"Kiongozi wao ni Taher, mpwa wangu," alisema. "Nikifa, cheo changu chake, si cha wanangu. Nani achome urithi wake mwenyewe?"

Kwetu ndivyo ilivyo: nyumba ni ya mama, cheo ni cha mjomba. Basi tukabaki.

Taher, mdogo wangu wa tumbo moja, alifika asubuhi na watu arobaini. Mjomba akashuka ngazi, akamnyooshea jambia la cheo kwa mikono miwili.

"Lichukue leo, baba. Tuachie nyumba tu."

Taher akalichomoa alani, akamchoma nalo tumboni, akaliacha humo humo. Nilishuka mbio. Mjomba alikuwa amekaa chini, matumbo yanamtoka katikati ya vidole.

"Mtu hurithi kwa baba yake," Taher akasema. "Hayo ya wajomba ni ushirikina."

Mienge ikarushwa. Paa lile la makuti meusi, lenye pembe kama za nyati, likashika moto mara moja.

"Mama yumo, we Taher."

"Atubu kwanza, dada. Atubu huko huko juu, nimsikie."

Akapanda ngazi akasimama katikati, panga mkononi, ameziba njia. Ngazi ni hiyo moja tu. Mama alikuwa mlangoni anakohoa, hatubu. Na huyo Taher nilimbeba mgongoni mimi, akiwa mtoto! Nikalichomoa jambia tumboni mwa mjomba, nikapanda ngazi nyuma ya Taher, nikalizamisha shingoni. Damu ilinirukia mdomoni. Akaporomoka hadi chini, akakoroma kidogo, akanyamaza. Watu wake wakaduwaa.

"Shuka, mama. Njia iko wazi."

Akashuka polepole. Akampita kaka yake, akapiga magoti kwa mwanawe. Akamfuta uso kwa shela yake, akamfumba macho, akaivuta ile kanzu ikamfunika miguu. Kisha akainuka, akaanza kupanda tena.

"Mama, ngazi inaungua."

"Naiona."

Nilikuwa karibu naye kiasi cha kumshika nguo. Mikono yangu ilijaa damu ya mwanawe, nikaona haya kumgusa.